Maji ya Mgeni na Maji ya Mtoto

Mwalimu au muuguzi mpya akipangiwa kijiji cha huku kwetu Kilosa au Mikumi, wenyeji tunahangaika: atakula nini? Tunamchinjia kuku, tunamchemshia maji. Lakini mgeni ni siku mbili. Siku ya tatu tunampa jembe, na maji anachota mtungini kama sisi, yasiyochemshwa. Wiki haiishi anaharisha, na lawama inaangukia mlenda.

Kwa maoni yetu mlenda unaonewa. Ugali wa moto, maharage na mchicha uliotoka jikoni sasa hivi havina neno hata kwa tumbo geni. Mashaka yako kwenye kiporo kisichopashwa moto, matunda yasiyooshwa, na zaidi ya yote maji. Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010 ulizikumba nyumba nyingi za Kilosa. Hata pasipo mafuriko, mvua husomba vinyesi hadi mtoni na visimani, na maji yanayoonekana safi huwa na vijidudu.

“Sisi tumezoea,” twasema. Mtoto wa mwaka mmoja amezoea lini? Akiharisha, hukaukiwa maji mwilini upesi kuliko huyo mwalimu.

Mkaa ni ghali, tunajua. Basi ugali ukiiva, makaa yangali yanawaka, teleka maji. Yatokote dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, yachotwe kwa kata yenye mpini mrefu. Yawe ya nyumba nzima. Na mgeni akiuliza kama yamechemshwa, mama mwenye nyumba asinune.