Sentimita 16 za ubishi

Jamani, leo siasa naziweka pembeni. Kuna jambo linanikera, nami nimeamua kulisema hapa hapa kibarazani kwangu.

Mjomba wangu anaishi Ujerumani, na bustanini kwake kuna reli ndogo. Ndogo kwa maneno tu, maana treni zenyewe ukizibeba unahema! Ni zile za njia yenye upana wa milimita 45, ambazo LGB walianza kuziuza mwaka 1968 kwa kipimo cha 1:22.5. Zidisha uone: unapata mita moja na ushee. Yaani ni reli ya mita moja, kama Reli yetu ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Ndiyo maana baba, mstaafu wa reli, alitengeneza behewa la mbao na kunituma nimpelekee. Urefu sentimita 60, upana 13, bogi zikiachana kwa sentimita 40. Kazi ya miezi minane.

Siku ya kwanza likagongwa kwenye kona na treni iliyokuwa njia ya pili. Ubavu ukapasuka.

Nikauliza: mbona njia zimebanana hivi? Jibu la mjomba na jamaa zake: "Sentimita 16, mjomba. Ndivyo inavyotakiwa."

Inatakiwa na nani? Hiyo ni namba unayoipata ukiunganisha reli mbili za kuhamishia treni, zenye kona ya nyuzi 30 na nusukipenyo cha sentimita 60. Inafaa pale pale, kwenye mstari ulionyooka: behewa kwa behewa linabaki pengo la sentimita 3. Lakini behewa halipindi! Likiingia kwenye kona, tumbo linaingia ndani na ncha zinatoka nje. Nilikaa na kikokotoo. Kwenye kona ya sentimita 60, ncha ya behewa la ndani inafika sentimita 69.8 kutoka kitovu cha kona. Tumbo la behewa la nje, kwenye kona ya 76, linafika 66.8. Pengo la sentimita 3 limegeuka deni la sentimita 3. Hapo ajali si bahati mbaya, ni hesabu.

Wapo wanaodai eti tugawe nafasi ya reli halisi kwa 22.5, basi. Wasomi hao! Kona ya sentimita 60 ni sawa na mita 13.5 za kweli. Nionyesheni reli kuu duniani yenye kona hiyo. Ukiiga nafasi, iga na kona.

Dawa ipo: kwenye kona achanisha njia kwa sentimita 21, upate uwazi wa sentimita 2. Mkinuna kwamba haipendezi, panueni kona zote. Ila msidanganyike: hata kona ya sentimita 120, kwa nafasi ile ile ya 16, mabehewa haya bado yanagusana. Na kabla ya kushindilia kokoto, sukumeni kwa mkono mabehewa mawili marefu kuliko yote mliyonayo, sambamba, kona nzima. Dakika tano tu.

Mjomba amekubali kung'oa reli. Jamaa zake bado wanabisha. Na mimi bado sijampigia baba simu... nitamwambia nini?

Naomba kutoa hoja.