Hukumu ya Brussels na machotara waliobaki nyuma

Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliwapa ushindi wanawake watano waliozaliwa Kongo kwa mama Waafrika na baba Wazungu. Walitwaliwa kutoka kwa mama zao kabla ya kutimiza miaka saba, wakapelekwa katika misheni ya Katende, jimboni Kasai. Majaji waliona kuwa dola ya Ubelgiji ilikuwa na mpango wa kuwasaka na kuwateka watoto wa aina hiyo kwa sababu ya asili yao tu, na kwamba huo ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kila mmoja alipewa fidia ya euro 50,000.

Mahakama ya chini ilikuwa imewakatalia mwaka 2021. Kilichowabeba ni wao kwa wao: wasichana waliolelewa pamoja Katende, wakaachwa pamoja mikononi mwa wanamgambo baada ya uhuru wa mwaka 1960, ndio hao waliosimama pamoja mahakamani wakiwa vikongwe. Si serikali iliyowatafuta.

Hali ni hiyo hiyo kwa watoto wa kituo cha Save, kusini mwa Rwanda. Kuanzia mwaka 1959 karibu 300 walisafirishwa hadi Ubelgiji, ambako wengi waligawanywa kwa familia za walezi, ndugu wakitenganishwa na baadhi wakibadilishiwa majina. Vyama walivyovianzisha ukubwani ndivyo vilivyosukuma suala hilo hadi bungeni, na Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel akaomba radhi. Hifadhi ya Taifa ya Ubelgiji nayo ikaanza kuchunguza nyaraka zao, na kwa wengi jina la mama katika faili lina thamani kuliko fedha.

Lakini radhi hiyo ilisemwa Brussels, na nyaraka zenyewe ziko huko, zimeandikwa Kifaransa na Kiholanzi. Machotara waliobaki Kongo, Rwanda na Burundi (neno lenyewe, katika vinywa vya wengi, bado ni tusi) wengi wao hawakutambuliwa na baba zao, na wengine hawana cheti cha kuzaliwa kinachoeleza ukweli. Fidia ya mahakama inawahusu watano tu. Mwingine anayetaka haki hiyo atalazimika kufungua kesi yake, akiwa na umri wa miaka sabini au themanini, katika nchi ambayo huenda hajawahi kuikanyaga.