Kezilahabi Hapimwi kwa Mizani Moja



Kila unapozuka mjadala wa ushairi huru, jina la marehemu Euphrase Kezilahabi hutajwa kama jina la mshitakiwa aliyefikishwa kizimbani. Upande mmoja humshitaki kwamba ndiye aliyeuharibu ushairi wa Kiswahili. Upande wa pili humfanya ngao: mtu huandika sentensi tatu, akazikata vipande vipande, na akiulizwa hujibu, "Hata Kezilahabi hakufuata vina." Mimi, mwalimu mstaafu niliyefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, nasema kwamba pande zote mbili zinamdhulumu marehemu, na dhuluma yao ni moja: hazimsomi.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana afagiaye uwanja wa jirani aanze na wake. Miaka mingi iliyopita, binti mmoja wa kidato cha tatu aliniletea shairi juu ya mama yake, aliyekuwa akibeba kuni kutoka porini hadi sokoni. Nilihesabu mizani, hazikutimia. Nilitafuta vina, sikuviona. Nikaandika kwa wino mwekundu: "Hili si shairi." Sikumwuliza kwa nini mishororo yake ilizidi kufupika kadiri mama alivyokaribia soko, wala kwa nini wa mwisho ulibaki na neno moja tu, "shingo". Chuo cha ualimu kilinifunza kuhesabu, nami nikahesabu. Binti yule hakuniletea shairi tena. Wakati huo huo, nakala ya *Kichomi* ilikuwa juu ya rafu yangu, nami nilikuwa nimeisoma kwa jicho la polisi.

Basi nisikilizeni, maana ninaowapinga leo nimekuwa mmoja wao.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba arudhi ni mali ya pwani, na kwamba mtu wa bara, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, hakuwa na idhini ya kuigusa. Naandika haya nikiwa Ipuli, hapa Tabora. Unyanyembe ya zamani ilikuwa njia panda ya misafara: barabara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa ikagawanyika, moja ikaenda magharibi hadi Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea ziwa kuu. Pamoja na pembe za ndovu, vitambaa na shanga, na pamoja na uchungu wa watumwa, kilisafiri Kiswahili. Nani alikibeba? Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa miongoni mwa waliokibeba, wakiwa na mizigo mabegani. Lugha iliyobebwa hivyo haiwezi leo kuambiwa kwamba wenyewe ni wale tu waliobaki ufukweni.

Tena tazameni ajabu hii. Kitabu ambacho walimu wengi tulikishika kama msahafu wa utunzi, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, cha mwaka 1954, kiliandikwa na Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji. Mtunza sheria alitoka mwisho wa njia ya magharibi. Mvunja sheria alitoka upande wa njia ya kaskazini. Wote wawili ni watu wa bara. Ikiwa wa kwanza aliruhusiwa kuandika sheria za nyumba, kwa kigezo gani wa pili anaambiwa ni mgeni asiyeruhusiwa kuongeza dirisha?

Hoja yao ya pili ni kwamba aliacha vina na mizani kwa kuwa hakuviweza. Hii ni hoja ya uvivu. Mtu huyu alisoma na kufundisha fasihi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Aliyekaa na kazi za Shaaban Robert kwa kalamu mkononi hawezi kuitwa mtu asiyewajua wazee. Katika utangulizi wa *Kichomi* alieleza mwenyewe alichokitafuta: ushairi utumiao lugha ya watu katika mazungumzo yao ya kila siku. Kumpinga katika hilo ni halali, na wapo waliompinga kwa elimu na heshima. Kudai kwamba hakujua alichokiacha ni kumsingizia.

Wala mashairi yake si fujo. Ubeti wa mapokeo huhesabu silabi, mara nyingi nane kwa nane, ukafunga kwa kina. Shairi lake hujengwa kwa takriri, kwa taswira, kwa mahali pa kukata mshororo, kwa kituo cha pumzi. Nyimbo za kulimia tulizozisikia utotoni huku Unyamwezini hazikuwa na vina vya kati na vya mwisho; jembe ndilo lililotoa mapigo, na mwitikio wa walimaji ndio uliofunga. Hakuna mzee aliyesimama ukingoni mwa shamba akasema, "Huo si wimbo."

Nafika sasa kwenye shitaka langu kubwa, nalo linatuhusu sote, walimu na wahakiki. Tumemkata Kezilahabi vipande vitatu. Mwalimu wa ushairi huchukua *Kichomi* na kuifanya mfano wa mgogoro. Mwalimu wa riwaya huchukua *Rosa Mistika*, ya mwaka 1971, na kusimulia jinsi ilivyopigwa marufuku shuleni kwa muda, kana kwamba marufuku ndiyo maudhui. Tamthilia yake, *Kaptula la Marx*, hutajwa mwishoni, muda ukibaki. Mwanafunzi huondoka akidhani amesikia habari za waandishi watatu, na mmoja kati yao mkorofi.

Wekeni kazi hizo pamoja kwa miaka yake, nanyi mtaona mtu mmoja. *Kichomi* na *Kichwamaji* ni za mwaka mmoja, 1974. Swali linalomtesa Kazimoto katika riwaya, yaani maana ya kuishi, ndilo linalosikika katika diwani. Mwaka 1975 ikaja *Dunia Uwanja wa Fujo*, na mwaka 1979 *Gamba la Nyoka*, ambamo aliitazama siasa ya Ujamaa ilivyofika vijijini na pengo kati ya maneno ya viongozi na matendo yao. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1970 aliandika *Kaptula la Marx*, yenye mtawala aliyevaa vazi lisilo la kipimo chake, nayo ikasubiri hadi miaka ya 1990 kuchapishwa. Jambo lile lile ambalo riwaya ililieleza kwa huzuni, tamthilia ililipeleka jukwaani kwa kicheko. Diwani ya *Karibu Ndani* ilitoka mwaka 1988. Miaka miwili baadaye ikafuata *Nagona*, kisha *Mzingile*, vitabu vyembamba ambamo riwaya yenyewe imeanza kusema kama shairi. Mwaka 2008 akatoa *Dhifa*. Mwaka 2020, mwezi Januari, akatutoka.

Diwani tatu, riwaya sita, tamthilia, hadithi fupi na uhakiki, kwa muda wa takriban miaka arobaini. Aliyeacha vina mwaka 1974 ndiye aliyeacha masimulizi ya moja kwa moja mwaka 1990, na kwa sababu ile ile: kila alipoona chombo hakitoshi swali lake, alitafuta chombo kingine. Ukimsoma katika utanzu mmoja tu, utamwona mtu wa vurugu. Ukisoma kazi ya maisha yake yote, utaona mwendo. Mpagazi hakulipwa sifa kwa hatua za kwanza nje ya Bagamoyo. Alipimwa kwa mzigo uliofika.

Nanyi vijana wa ushairi huru, msishangilie mapema. Kezilahabi si kibali chenu cha uzembe. Yeye alivunja akijua kilichovunjwa, na alilipa kwa kazi ya miaka mingi. Wengi wenu hamjatunga hata tarbia moja iliyosimama, halafu mnadai mmekombolewa. Mmekombolewa kutoka gereza gani ambalo hamjawahi kuliingia? Jifunzeni kwanza kuhesabu mizani, kisha mtuoneshe kwa nini shairi lenu halikuzihitaji. Mkishindwa kuonesha, mwalimu yeyote atakuwa na haki ya kuwarudishia karatasi.

Ila airudishe na swali. Hilo ndilo ombi langu kwa walimu walio madarasani leo. Someni *Kichomi* sambamba na *Kichwamaji*. Someni *Gamba la Nyoka*, kisha mwigize *Kaptula la Marx*. Na akija mtoto na shairi lisilo na vina, mwulizeni kwa nini amekata mshororo pale alipokata. Akiwa na jibu, huyo ni mshairi anayeanza. Akikosa jibu, bado hamjamnyamazisha.

Mimi sikuuliza. Binti yule sasa ni mtu mzima, na sijui kama aliwahi kuandika tena. Lakini neno lake la mwisho, "shingo", limekaa nami kuliko beti nyingi nilizozipa alama zote kumi.