Nani Atakayeifundisha Mashine Kuona?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nijibu neno lililosemwa ukumbini muhula uliopita, ambalo usiku ule halikupata jibu.

Waliokuwapo watakumbuka mdahalo wetu juu ya akili mnemba. Msemaji mmoja alisimama akasema ya kwamba siku hizi mashine imekwisha kufundishwa kuvitambua vijidudu vya maradhi katika hadubini, na kwa hiyo hakuna haja tena ya mwanafunzi kufumba jicho moja na kukodoa la pili. "Hadubini zetu mbili," akasema, "zipelekwe Ujiji, zikawekwe katika makumbusho pamoja na sanamu za Livingstone na Stanley!" Ukumbi mzima uliangua kicheko, na hoja yake ikapita kwa kura nyingi. Mimi nami nilicheka. Lakini nilipofika bwenini sikulala upesi, maana niliona tumechekea jambo lisilofaa kuchekewa.

Msemaji yule alisema kweli, lakini alisema nusu yake. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, wataalamu walifunga simu juu ya hadubini ipige picha za damu, kisha programu ikatafuta humo vimelea vya malaria. Mwaka 2016 John Quinn, Rose Nakasi na wenzao walitangaza matokeo ya kazi hiyo, nao walikuwa wameijaribu pia kwa makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu na kwa mayai ya minyoo. Faida yake haina ubishi. Mtu aliyesoma slaidi tangu asubuhi huchoka, na jicho lililochoka hupitwa na mambo. Mashine haichoki.

Sasa nusu ya pili. Mashine hiyo ilijuaje kimelea ni kipi? Wataalamu wa maabara waliketi wakatazama picha moja moja, na kila walipoona kimelea walikizungushia kisanduku. Mashine ikaonyeshwa picha hizo, ikabahatisha, ikasahihishwa, ikabahatisha tena, mpaka makosa yake yakapungua. Njia hii huitwa ujifunzaji wa kina, kwa kuwa hesabu zake hupangwa tabaka juu ya tabaka: za chini hushika vitu vidogo kama kingo na rangi, na za juu hushika umbo zima. Ni mfano wa mtoto wa mvuvi ajifunzaye kumtofautisha mgebuka na sangala. Hapewi kitabu. Huonyeshwa samaki, hukosea, na baba yake humsahihisha. Basi na tujiulize: kama baba naye hamjui mgebuka, mtoto atajifunza kwa nani?

Naomba nitoe aibu yangu mwenyewe iwe ushahidi. Tulipokuwa Kidato cha Tatu tulichota maji ya ziwa pale Kibirizi, penye majani karibu na maboti, tukayaleta maabara. Zamu yangu ilipofika niliona duara jeupe lenye kung'aa na ukingo mweusi. Nikalichora kwa makini sana, na chini yake nikaandika: "Kijidudu cha Ziwa Tanganyika." Mwalimu akainama akatazama, akasema, "Bwana mdogo, umechora kiputo cha hewa." Darasa zima lilicheka. Kisha akasogeza kioo kidogo tu, akaniambia nitazame tena. Hapo nikaona kitu chenye umbo la soli ya kandambili kikipita mbio. Kikajigonga kwenye uzi wa mwani, kikarudi nyuma, kikageuka, kikashika njia nyingine. Kiputo hakifanyi hivyo! Tangu siku ile sijachora tena hewa nikaiita kiumbe, na hakuna kitabu kilichonifundisha hilo. Ilinifundisha dakika moja ya kutazama.

Nimesoma baadaye kuwa mwendo na ukuaji wa viumbe hai ndio hasa wanaoutafiti wasomi wakubwa. Katika maabara za Ulaya na Marekani, watu waliokwisha kupata shahada ya uzamivu hukaa miaka kadhaa wakiifundisha mashine kuwafuatilia bakteria walio hai: yupi amerefuka, yupi amegawanyika, yupi ni mtoto wa yupi. Mwaka 2017 watafiti wa Uppsala, nchini Sweden, walionyesha kuwa bakteria wakiingizwa katika vijifereji vyembamba na kutiwa dawa, hadubini ikiwatazama wakikua au wakikoma kukua, huweza kujulikana katika muda usiotimia dakika 30 kama dawa ile inawaweza. Kwa njia ya kawaida ya kuwaotesha, jibu hungojewa siku moja au zaidi. Baadaye ujifunzaji wa kina nao ukatumika kusoma picha za namna hiyo. Mwaka juzi mama yangu alipewa dawa tatu mbalimbali kwa ugonjwa mmoja, moja baada ya nyingine, na kila mara tulitumaini tu. Kwa hiyo dakika hizo 30 kwangu si habari ya mbali.

Wala kwetu sote si ya mbali. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga, kipindupindu kiliwapata, na meli ya Liemba ikawa ikiwaleta watu Kigoma. Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka wakubwa wakiulizana kwa sauti ya chini kama maji ya ziwa bado yanafaa kunywewa. Swali lile lilihitaji watu wenye kujua kutazama.

Mashine iliyofundishwa kwa picha za mahali pengine, zilizotiwa rangi kwa namna nyingine, huweza kupotea ikiletewa za kwetu. Itahitaji mtu wa kuiambia, "Hapana, hicho ni kiputo." Mtu huyo atatoka wapi, ikiwa wanafunzi wa Kigoma wanamaliza Kidato cha Nne wakiwa wametazama hadubini mara moja tu, kwa dakika moja, nyuma ya foleni ya wenzao?

Najua majibu yatakayotolewa. Watasema hadubini ni ghali, na wanafunzi ni wavunjaji. Kweli, ni ghali, na moja kati ya zetu mbili kioo chake kimepasuka. Lakini kilipasuka kabatini, si mikononi mwa mwanafunzi. Tena Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na mafundi wa Dar es Salaam na watafiti wa vyuo vikuu vya Bath na Cambridge, wameshirikiana katika hadubini iitwayo OpenFlexure. Mwili wake ni wa plastiki iliyochapwa kwa mashine, nayo hujisogeza yenyewe na kupiga picha. Michoro yake hutolewa bure kwa ye yote atakaye kuiunda. Ikiwa Watanzania wenzetu wanaiunda, kwa nini sisi tusithubutu hata kufungua kabati?

Basi natoa ombi langu, kwa heshima. Kwa Mwalimu Mkuu na walimu wetu: maabara ifunguliwe kila Jumamosi baada ya usafi, wanafunzi wanane wanane, chini ya usimamizi. Kila mmoja achore alichokiona, aandike tarehe na mahali maji yalipochotwa. Kwa wazazi: mtakapokutana, kumbukeni kile kioo kilichopasuka. Kwa wanafunzi wenzangu: tusiseme jambo hili halimo katika mtihani. Kipindupindu nacho hakikuuliza kama kimo katika mtihani.

Na wewe ndugu yangu uliyetaka hadubini zipelekwe Ujiji, sina kinyongo nawe. Njoo Jumamosi ya kwanza, nami nitakuachia zamu yangu. Ukiona duara jeupe lenye ukingo mweusi, usiharakishe kulichora.

Mwanafunzi,
Kidato cha Nne