Msamaha Hautolewi Gizani



Hapa Nachingwea na Ruangwa, vita vya Msumbiji havikuwa habari za mbali. Kambi kubwa ya wapiganaji wa FRELIMO ilikuwa Nachingwea. Basi swali hili ni letu pia: mtu mwenye jina kubwa akienda kwa adui wakati wa vita, yafaa asamehewe?

Lazaro Nkavandame alikuwa kiongozi wa FRELIMO katika jimbo la Cabo Delgado, na Wamakonde wengi walimsikiliza. Mwaka 1969, mwaka ule ule Dk. Eduardo Mondlane alipouawa kwa bomu Dar es Salaam, Nkavandame alikwenda kwa Wareno. Mabeberu wakalitumia jina lake kuwashawishi watu waache vita. Waliomfuata walikuwa wachache. Watu wasio na jina waliendelea kupigana.

Twasema wazi kwamba kosa la mtu mashuhuri ni zito kuliko la mtu wa kawaida. Mtu wa kawaida akikimbia, imepungua bunduki moja. Mashuhuri akikimbia, adui amepata kipaza sauti. Na jina lile hakulijenga peke yake. Alipewa na watu waliomlisha, waliomficha na kumbebea mizigo. Akiliuza, ameuza mali isiyo yake. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwaka 1975, kabla ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni, Nkavandame na wenzake waliletwa hadharani Nachingwea kama wasaliti. Kati yao alikuwapo Uria Simango, aliyepata kuwa Makamu wa Rais wa FRELIMO. Huyu kosa lake halikuwa sawa na la Nkavandame: aligombana na wenzake, akafukuzwa, na mwaka 1974 akashiriki kuunda chama kingine. Hata hivyo wote waliwekwa katika kapu moja. Simango akasomeshwa ungamo refu mbele ya watu. Miaka michache baadaye waliuawa kwa siri, bila mahakama.

Hapo hatukubali. Ungamo la mfungwa mbele ya wenye bunduki halina thamani. Na aliyeuawa gizani hawezi kuhukumiwa wala kusamehewa. Watoto wake hurithi swali lisilo na jibu.

Nchi yetu ilifuata njia nyingine. Bibi Titi Mohamed alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini. Kesi yake haikuwa ya vita, na yeye alikana kosa. Lakini alihukumiwa mahakamani, na mwaka 1972 Mwalimu Nyerere akamwachia huru. Akaishi, akasema yake. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake. Je, nchi imebomoka?

Basi msimamo wetu ni huu. Msaliti ahukumiwe mchana, kila mtu kwa kosa lake. Asikilizwe, naye awasikilize walioumizwa naye. Akishajibu, asamehewe, arudi kijijini alime kama sisi. Uongozi asirudishiwe, maana jembe ni haki ya kila mtu, bali uongozi ni amana.

Wazee husema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni kweli. Lakini kidonda hakigangwi kikiwa kimefunikwa.