Tusioneane Haya Penye Hatari

Usiku wa tarehe 24 Machi 2022, katika mji wa Orlando, jimbo la Florida nchini Marekani, kijana wa miaka 14 alipanda mnara wa michezo wenye kimo cha takriban mita 131. Mnara huo ulipandisha watu 30 kwa pamoja hadi karibu na kilele, kisha ukawaachia wateremke kama jiwe. Breki ziliposhika, kijana yule alichopoka katika kiti chake, akaanguka, akafa. Uzito wake ulikuwa zaidi ya kilo 170. Kitabu cha mtengenezaji kilikuwa kimekataza kumpandisha mtu aliyezidi kilo 130.

Tunaileta habari hii mbele ya wasomaji wetu si kwa ajili ya kustaajabu mambo ya ng'ambo. Kila Sikukuu inapofika, maelfu ya watoto na vijana wetu humiminika Kariakoo hapa Unguja na Tibirinzi kule Pemba kutafuta furaha ya pembea na mashine za michezo. Furaha hiyo ni haki yao. Lakini kila mashine inayomwinua mtu kutoka ardhini imebeba roho, na roho ni amana. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: kijana yule alikufa kwa sababu gani?

Wako watakaojibu upesi kwamba alikufa kwa unene wake. Jibu hilo ni jepesi, na kwa maoni yetu halina insafu. Mwili wa mtu haukutengenezwa kwa kufuata kiti; kiti ndicho kilichotengenezwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Ikiwa kiti hakimtoshi, hiyo ni habari ya kiti, na mwenye kiti ndiye aliyepaswa kuitoa mapema.

Ni vyema kwanza tufahamu kazi ya vifungio hivi. Mwaka 1884 Mmarekani LaMarcus Thompson alipofungua reli yake ya michezo huko Coney Island, New York, vigari vilikwenda kwa kasi ya kilomita 10 hivi kwa saa, na watu walikaa juu ya benchi bila ya kufungwa. Haikuwa hatari kubwa. Tangu hapo reli hizo, ambazo leo hujulikana kwa jina la rola kosta, zimepanda hadi nyingine zikapita mita 60 kwenda juu. Gari linapovuka kilele kwa kasi na kuinama, mwili wa abiria hutaka kuendelea mbele na juu. Kwa nukta chache abiria hajakaa tena. Amening'inia hewani, na kinachomzuia asitoke ni kile kifungio tu.

Aghalabu kifungio hicho ni pao la chuma linaloteremshwa mapajani, au fremu inayoteremshwa mabegani. Pao la mapajani halifanyi kazi yake mpaka likalie sehemu ya juu ya mapaja, karibu na nyonga, mahali penye mfupa. Kwa mtu mwenye tumbo kubwa, pao hilo hukwama juu ya tumbo kabla ya kufika mapajani. Abiria mwenyewe huona limembana. Mwendeshaji naye akilitikisa huona limeshika. Wote wawili wameghurika, kwani tumbo si mfupa. Gari likiinama nyama husogea, nafasi huonekana, na mapaja ambayo hayakushikwa na kitu huanza kunyanyuka. Kubanwa siko kufungwa.

Jambo hili lina upande wa pili ambao wazazi wanapaswa kuujua. Katika vigari vingi pao ni moja kwa watu wawili. Baba mnene akikaa na mwanawe wa miaka saba, pao husimama juu ya tumbo la baba, na mtoto hubaki na uwazi mkubwa mbele yake. Hapo anayekaribia kuchopoka si mnene, bali ni mwembamba. Kwa hiyo asidhani mtu yeyote kwamba suala hili ni la watu wanene peke yao.

Lau tukio la Orlando lingekuwa la kwanza, pengine tungesema ni ajali isiyotazamiwa. Hasha, halikuwa la kwanza. Mwezi Septemba 2001 mwanamke mmoja alianguka kutoka katika boti ya michezo ya kuteremka majini katika bustani ya Knott's Berry Farm, California, na wachunguzi wa jimbo wakasema kwamba vifungio havikumshika sawasawa kwa sababu ya umbo lake. Tarehe 1 Mei 2004, katika bustani ya Six Flags ya Massachusetts, mwanamume mmoja alitupwa nje ya rola kosta. Ilionekana kwamba pao halikumkalia mapajani kwa sababu ya ukubwa wa kiwiliwili chake, na wahudumu hawakulihakikisha. Tarehe 19 Julai 2013, katika bustani ya Six Flags Over Texas, mwanamke wa miaka 52 alianguka kutoka kimo cha mita 23 hivi. Baada ya msiba huo mwenye bustani na mtengenezaji wa vigari walitupiana lawama mahakamani. Huo ndio utaratibu wa dhamana isiyo na mwenyewe: siku ya kukusanya fedha wote wapo, siku ya msiba kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole.

Sasa turejee Orlando. Mnara ule ulikuwa na kifaa cha umeme kinachohisi kama fremu ya mabegani imeshuka inavyotakiwa. Fremu isiposhuka, taa haiwaki na mashine haiondoki. Lakini uchunguzi wa serikali ya jimbo ulionyesha kwamba kifaa cha kiti kile kilikuwa kimerekebishwa kwa mkono, hata kikaikubali fremu iliyoachwa wazi karibu mara mbili ya kiasi cha kawaida. Basi taa iliwaka. Mashine ilidanganywa, nayo ikawadanganya watu. Fauka ya hayo, viti havikuwa na mkanda wa akiba wa kumshika abiria iwapo fremu haikutosha.

Madhali chombo kilikuwa na kinga na kinga hiyo ikavunjwa kwa mkono wa binadamu, itakuwaje lawama apewe mtoto aliyelipa nauli yake akakaa alipoambiwa akae? Serikali ya Florida iliitoza faini ya dola 250,000 kampuni iliyouendesha mnara huo, na mnara wenyewe ukabomolewa mwaka 2023. Mwaka huo huo jimbo lilitunga sheria ya kukaza ukaguzi wa mashine za michezo na kuipa jina la kijana yule. Disemba 2024 juri la mahakama liliamua kwamba kampuni ya Austria iliyoutengeneza mnara, ambayo haikufika mahakamani kujitetea, iwalipe wazazi wake dola milioni 310. Hizo zote ni haki baada ya mauti. Sisi tunataka haki iliyo kabla yake.

Kwa maoni yetu, adui mkubwa langoni mwa mashine hizi ni haya, na mwenzake ni huruma isiyo na mahali pake. Mtu mnene amesimama foleni saa nzima pamoja na watoto wake. Akifika mbele, pao haliteremki. Nyuma yake watu wanatazama na wengine wameanza kucheka. Mwendeshaji, aghalabu kijana wa mshahara mdogo, aona vibaya kumwambia mtu mzima, rika la baba yake, kwamba ashuke. Basi husukuma pao mpaka likashika jino la kwanza, akasema tayari. Abiria naye ajua moyoni kwamba halikukaa sawa, lakini aona bora aingie kwenye hatari kuliko kushuka mbele za watu. Hivyo ndivyo adabu njema ya watu wawili inavyoweza kuzaa jeneza moja.

Huruma nayo ni vivyo hivyo. Mwezi Julai 2011, katika bustani ya Darien Lake, jimbo la New York, askari aliyepoteza miguu yake katika vita vya Iraq aliruhusiwa kupanda rola kosta, ingawa kanuni zilizobandikwa zilitaka kila abiria awe na miguu yote miwili. Pao la mapajani halikuwa na cha kushika. Alianguka akafa. Hapana shaka waliomruhusu walimheshimu. Lakini chuma hakijui heshima.

Zipo hoja za upande wa pili, na si uungwana kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni kwamba ajali hizi ni chache zikilinganishwa na wingi wa watu wanaopanda. Ni kweli. Lakini ajali chache zenye sababu moja, inayojulikana na yenye dawa, hazina udhuru. Hoja ya pili ni kwamba kumpima mtu hadharani ni kumdhalilisha. Hii ni hoja nzito zaidi, na jibu lake ni kwamba fedheha haitokani na kipimo, bali na mahali na wakati wa kupima. Mtu akijua kabla ya kukata tiketi kwamba kiti hakimtoshi, hakupoteza kitu, wala hakuna aliyemwona.

Dawa hiyo imekwisha jaribiwa. Rola kosta ya Texas ilipofunguliwa tena Septemba 2013, vigari vyake viliongezwa mikanda, na kiti cha mfano kikawekwa mlangoni ili kila mtu ajijaribu kabla ya kupanda. Kiti cha mfano ni bora kuliko mizani, kwa sababu uzito peke yake hausemi yote: mtu mrefu mwenye kifua kipana anaweza kushindwa kufungwa ilhali mwingine mzito kuliko yeye akafungwa barabara. Yako pia makampuni yaliyoweka viti vichache vyenye nafasi kubwa na mikanda mirefu, ili wanene nao wasinyimwe furaha. Hiyo ndiyo insafu. Kumkataza mtu peke yake si mwisho wa wajibu. Mtengenezaji afikirie tangu mwanzo kwamba wanadamu hawakuumbwa kwa kipimo kimoja.

Wahandisi nao wamefanya kazi yao. Tangu mwaka 1978 ipo nchini Marekani kamati ya viwango vya mashine hizi, na viwango vyake vinagawa vifungio katika madaraja matano kulingana na nguvu zinazomsukuma abiria. Daraja la juu kabisa linataka kila abiria awe na kifungio chake, chenye kinga ya akiba, na mashine isiondoke iwapo kimeshindwa kufunga. Elimu ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuisimamia langoni.

Sisi wa visiwa hivi hatuhitaji kufundishwa maana ya kipimo kilichoandikwa kikaachwa katika karatasi. Mwezi Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu wengi mno kuliko idadi iliyoruhusiwa. Idadi hiyo ilikuwa imeandikwa. Haikusimamiwa pale watu walipokuwa wakiingia.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wanaohusika na leseni, ukaguzi na viwanja vya watoto wazingatie mambo haya. Mashine yoyote ya michezo isiruhusiwe kufanya kazi mpaka mwenyewe aonyeshe kitabu cha mtengenezaji, na masharti yake ya uzito, kimo na umbo yaandikwe kwa Kiswahili fasaha, kwa herufi kubwa, mahali tiketi zinapouzwa. Penye pao au fremu, pawekwe kiti cha mfano mwanzo wa foleni, si mwisho wake. Vifaa vya kuhisi vifungio vipigwe lakiri na mkaguzi, na atakayeivunja ashitakiwe. Mtoto asikalishwe chini ya pao moja na mtu mzima isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Anayekataliwa arudishiwe fedha zake papo hapo, bila ya maneno. Na kijana anayeendesha mashine apewe kwa maandishi mamlaka ya kusema hapana, hata kama aliye mbele yake ni mkubwa wa ofisi, na asifukuzwe kazi kwa kusema hivyo.

Kwa wananchi wenzetu tuna neno moja. Ukiona pao halikukufika mapajani, sema. Ukiona la mwenzako halikufika, usimcheke, mwite mwendeshaji. Anayeshuka katika mashine kwa sababu haikumtosha hana la kuonewa haya. Mwenye kustahiki haya ni yule aliyejua kuwa haitoshi, akachukua fedha, akawasha injini.