Oktoberfest Waachieni Wenyewe, Mimi Nipeni Kijiji

Wasee, nitasema kitu na najua mtanikasirikia: Oktoberfest imepewa sifa kuliko inavyostahili. Kila mwaka mwezi wa tisa simu yangu inajaa video za watu wamesimama juu ya viti ndani ya hema, glasi ya lita moja mkononi, wanaimba mpaka mishipa ya shingo inatoka. Poa. Lakini hiyo lita moja 2025 ilikuwa inaelekea yuro 15, na bia inayouzwa humo ni ya kampuni 6 za Munich peke yake. Hiyo ni sherehe ya mji na ya wenye doo. Ukitaka kujua Wajerumani wanakunywaje wakiwa kwao, siku ya kawaida, bila kamera, vaa viatu vya kutembea uende kijijini.

Na kabla hamjaanza: mimi sinywi. Mwaka niliokaa Nuremberg nikilea watoto wa watu (ndiyo, au pair) kila mtu aliniambia Bavaria bila bia nitaboeka. Halafu siku niliyofurahia kuliko zote ikawa ile niliyotembea kutoka kiwanda kimoja cha bia hadi kingine.

Kaskazini mwa Bavaria kuna eneo linaitwa Franken. Vilima, misitu, majabali ya chokaa yanayochomoza katikati ya miti, mashamba ya shayiri. Huko kuna sehemu inaitwa Aufseß, wakazi hawafiki 1,500, na imejijengea jina kwa viwanda vyake 4 vya bia. Nimesema vinne. Guinness waliwahi kuiandika kuwa mahali penye viwanda vingi vya bia kuliko pengine popote duniani ukilinganisha na idadi ya watu. Kuna njia ya miguu inayoviunganisha, kama kilomita 14 ukizunguka yote. Unapewa kadi, kila unapofika wanakugongea muhuri, na ukimaliza unapata cheti. Mimi mihuri yangu yote niliipata kwa juisi ya tufaha iliyochanganywa na soda ya maji. Hakuna aliyenicheka. Sawa, mmoja alinicheka, lakini alikuwa Mghana tuliyesoma naye darasa la Kijerumani, na yeye hucheka kila kitu.

Ukisikia kiwanda usiwaze mabomba ya Ruaraka na malori getini. Hapa ni nyumba. Chini kuna mkahawa, nyuma kuna mitungi, juu wanaishi wenyewe. Bia inayopikwa hapo huuzwa hapohapo na vijiji vya jirani, basi. Huwezi kuipata supamaketi ya Berlin. Kimoja, pale Heckenhof, kinaitwa Kathi-Bräu, jina la mwanamke aliyekiendesha, Kathi Meyer. Siku hizi ni maskani ya watu wa pikipiki kutoka kila kona: majitu ya ndevu na koti za ngozi yamejipanga foleni kwa adabu, yanakula mkate na keki. Mama pima aliyefanikiwa, nikajiambia moyoni. Hilo neno lilinirudia baadaye.

Sasa, kwa nini kutembea? Juu kati ya meza moja na nyingine kuna kilomita tatu, nne za kilima. Unafika na jasho, unakaa, unakula, unaondoka, na hewa ya msituni inakutandika. Si rahisi kugeuza siku kama hiyo kuwa mashindano. Linganisha na wikendi zetu: tunakaa kwa keja ya mtu, mzinga katikati, na lengo ni uishe kabla ya saa nne ndiyo tuende tao tukiwa tayari tumeiva. Mimi ndiye huwa nabaki macho kavu nikishikilia simu na viatu vya watu, kwa hivyo nina haki ya kulalamika. Sisemi Wajerumani ni malaika. Karibu na kituo cha tatu tulipita wanaume wanne wakichora nane barabarani saa tisa mchana. Na kisheria kule mtoto wa miaka 16 anauziwa bia na divai, hata wa 14 anaweza kunywa akiwa na mzazi. Hapo siwaungi mkono hata kidogo. Kwetu ni 18, na sera ya serikali iliyozinduliwa Julai 2025 inapendekeza 21. Lakini namba peke yake haifundishi mtu kukaa mezani.

Jambo la kuvutia zaidi ni hizi bustani zenyewe. Zilianza kwa sababu ya baridi. Zamani Bavaria ilikatazwa kupika bia wakati wa joto, toka mwisho wa mwezi wa nne mpaka mwisho wa wa tisa, kwa kuhofia moto, na pia bia ya joto ilikuwa inaharibika. Kwa hivyo wapishi walichimba mapango kwenye vilima, wakahifadhi humo bia ya kiangazi, juu wakamwaga kokoto na kupanda michestinati yenye majani mapana ili ardhi isipate jua. Watu si wajinga. Wakaona kivuli, wakaona bia baridi iko hapo chini, wakaleta viti. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa Franken anakwambia anapanda “juu ya pango” akimaanisha anaenda kukaa chini ya mti.

Wenye mikahawa mjini wakalalamika kwamba wateja wamehama. Mwaka 1812 mfalme Maximilian wa Kwanza akaamua: wapika bia wauze bia yao pale kwenye mapango, lakini chakula hapana, mkate tu. Basi wananchi wakaanza kuja na kapu lao. Na hii desturi bado ipo! Mpaka leo kwenye bustani ya asili ya Bavaria unanunua kinywaji, unatandika kitambaa chako, unatoa jibini, soseji, figili, mayai ya kuchemsha. Hebu jaribu kuingia sehemu yoyote Westlands na chapo zako kwa karatasi uone baunsa atakubeba vipi. Mimi siku hiyo nilikuwa na maandazi niliyopika mwenyewe, na meza nzima ya wageni iliyamaliza.

Naam, wageni, kwa sababu kule unashiriki meza. Benchi ni ndefu, unauliza kama kuna nafasi, unakaa. Isipokuwa meza moja, yenye kibao chake, ambayo ni ya wazee wa kila siku. Si ndiyo tukaikalia. Mkahawa mzima ulinyamaza. Mzee mmoja akaja, akatuangalia, akasogeza kiti, akakaa nasi kama jaji. Alitaka kujua kwetu tunakunywa nini.

Kwa Kijerumani changu cha kuokoteza nikamweleza busaa. Kwamba kukhu wangu Bungoma alikuwa analoweka unga wa mahindi, anauacha siku kadhaa uchachuke, anaukaanga kwa bati pana juu ya moto, halafu anauchanganya na maji na kimea cha wimbi. Kwamba wazee walikaa duara, chungu katikati, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mzee alifurahi sana. Akauliza: sasa bado anapika? Watu wanasafiri kwenda kwake?

Nikasema ameacha, amezeeka. Ilikuwa nusu ya ukweli. Kukhu aliacha siku askari walipomwaga kila kitu uani, wakapasua chungu na kumpandisha gari, na mimi nikiwa darasa la tano nimesimama mlangoni na yunifomu. Sheria ya 2010 ilifuta ile ya kupiga marufuku chang'aa na ikafungua njia ya leseni, lakini mwanamke mwenye chungu kimoja kijijini hiyo njia haoni inapoanzia. Naelewa hofu. Februari 2024 Kirinyaga watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu, na mimi sitaki mtu yeyote awe wa kumi na nane. Lakini pombe ile hakuna aliyejua ilipikwa na nani, kwa nini. Ya kukhu kijiji kizima kilijua, na ikiharibika walijua wa kumlaumu. Nikitazama Aufseß naona udhibiti huohuo, ila kule umeandikwa kwenye kibao na kupakwa rangi.

Kama uko huko au una mpango wa kwenda: tafuta miezi ya joto, angalia siku za kufunga kwanza kwa sababu vijijini wanafunga katikati ya wiki bila kujali umetoka wapi, beba pesa taslimu, na basi la Jumapili usilitegemee. Ukiwa na siku ya pili pitia Bamberg, unuse bia ya moshi. Kimea chake hukaushwa kwa moto wa kuni, na harufu ni ya jikoni kwa nyanya, naapa.

Hiyo habari ya kuni ndiyo niliyompigia kukhu simu nayo jioni ile. Akaniuliza ni kuni za mti gani. Akauliza nani anapasua. Nikamwambia mpaka jina la mama mwenye kiwanda limeandikwa mbele ya nyumba, herufi kubwa, unalisoma toka barabarani.

Akanyamaza. Halafu akauliza, “Na chifu wao anapita hapo?”